Shabaha na Madhumuni: Mradi wa Kahawa wa Ruiru na Miradi ya Lugha

Katika maombi ya fedha za utafiti, maneno lengo, shabaha na madhumuni hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni visawe. Asili zao, hata hivyo, ni mbalimbali. Lengo latokana na kitenzi kulenga, na shabaha ndiyo ilengwayo. Yote mawili yahitaji kitu kimoja kilicho mbele ya macho. Madhumuni, katika Kiarabu, ni yale yaliyomo ndani ya jambo. Tofauti hii huonekana kuwa ya wanakamusi tu, mpaka siku mfadhili anapobadili matakwa yake mradi ukiwa nusu ya njia. Aliyeandika shabaha mahali pa madhumuni hujikuta amefungwa na maneno yake mwenyewe.

Mfano ulio wazi hautoki katika idara ya lugha bali katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, kwenye njia ya Nairobi kwenda Thika. Chulebuni, ugonjwa uozeshao tunda la kahawa likiwa bado bichi mtini, uligunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Mlipuko wa miaka ya 1967 na 1968 uliwatia wakulima hasara kubwa, na gharama ya kunyunyiza dawa ikafikia karibu asilimia 30 ya gharama zote za uzalishaji. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa kuzalisha miche yenye ukinzani. Yafaa ikumbukwe kwamba shirika lililosimamia kituo hicho tangu 1964 lilitegemea makato ya mauzo ya kahawa. Mfadhili, kwa sehemu kubwa, alikuwa mkulima mwenyewe.

Shabaha ya kwanza ilikuwa moja: mti usioshindwa na chulebuni, lakini wenye ladha ya SL28 na SL34, aina zilizoijengea kahawa ya Kenya sifa yake. Baadaye ilipatikana Catimor kutoka Kolombia, mti mfupi wenye kustahimili pia kutu ya majani. Hapo matakwa yakaongezeka. Sasa ilitakiwa miti ifupike, ipandwe karibu karibu, na izae mapema. Ekta moja iliyokuwa ikichukua miti ipatayo 1,300 iliweza kuchukua 2,500 na zaidi. Matokeo yake, Ruiru 11, yalitolewa kwa wakulima mwaka 1985.

Geuko hilo liliwezekana kwa sababu kazi ya miaka ya mwanzo haikufungamana na shabaha ya mwanzo. Mtaalamu Mholanzi H.A.M. van der Vossen na wenzake walibuni njia ya kupima ukinzani kwa kuwaambukiza miche wachanga wa majuma machache, badala ya kungoja miaka hadi mti uzae. Tena walichunguza urithi wa ukinzani katika aina kama Rume Sudan, K7 na Hibrido de Timor. Kipimo na kumbukumbu hizo vilifaa kwa mti mrefu na kwa mti mfupi vilevile. Laiti wangaliweka tu orodha ya miti iliyopona na iliyokufa, wangalilazimika kuanza upya.

Hata hivyo mafanikio hayo yalikuwa na kasoro. Ruiru 11 ni chotara, na mbegu zake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono. Kwa miaka mingi hazikutosheleza haja. Mfumo wa mgao wa mauzo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei zikaanguka, na wingi wa mazao peke yake haukumtajirisha mtu tena. Batian, iliyotolewa mwaka 2010, huzaa mbegu zilizo sawa na mzazi. Wakati huohuo mashamba makubwa kati ya Ruiru na Thika yalikuwa yaking'olewa kupisha nyumba: shabaha ilibadilika, na baadhi ya waliokusudiwa wakaondoka pia.

Mwanakamusi hana budi kujiuliza kadi zake zimeandikwaje. Chukua neno mbuni. Katika kamusi ni mti wa kahawa, na pia ndege mkubwa asiyeruka. Katika biashara ya kahawa nchini Kenya, mbuni ni tunda lililokaushwa na ganda lake bila kumenywa, nalo huuzwa kwa bei ya chini. Mkusanyaji aliyepewa fedha za kutunga kamusi ya mimea ataandika "mti" na kuendelea. Mfadhili akitaka baadaye kitabu cha mafunzo kwa wanachama wa vyama vya ushirika, kadi hiyo haitamsaidia, tena itapotosha. Lakini kadi inayotaja msemaji ni nani, wapi, katika kazi gani, na kwa sentensi ipi kamili, hutumika katika kamusi, katika kitabu cha mafunzo, na katika utafiti wa lahaja. Kuiandika huchukua dakika chache zaidi, na dakika hizo ndizo zinazopunguzwa kwanza bajeti inapobanwa.