Picha za Watoto wa Watu: Idhini Kwanza

Kuwapiga picha watoto wanaocheza ufukweni, wanaojirusha baharini Forodhani au wanaotoka chuoni na juzuu zao mikononi ni jambo linaloonekana kila siku Unguja na Pemba. Mwenye kupiga huona kuwa amepata kumbukumbu nzuri ya safari yake. Mzazi, akipata khabari, huona kuwa kimechukuliwa kitu cha nyumbani kwake bila ya kuombwa. Makala hii inaeleza chanzo cha tofauti hiyo, sheria inasema nini, na mambo yanayofaa kuzingatiwa na wananchi, wageni na watumishi wa Serikali.

Inafaa ieleweke kwanza kuwa picha si kitu kigeni visiwani. Wapiga picha wenye maduka walikuwapo mjini Unguja tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930. Lakini picha ya dukani ilikuwa ya makubaliano. Mzazi alimvisha mwanawe nguo za Sikukuu, akampeleka mwenyewe, akalipa, na akarudi na picha nyumbani. Picha ya njiani imeugeuza utaratibu huo. Anayeamua ni mtu asiyemjua mtoto, na picha huondoka naye.

Sababu za wazazi kutoridhika ni nyingi. Wako wanaochelea kijicho, kama wanavyochelea mtoto mchanga kusifiwa mno na asiyemjua. Wako wanaoona haya mtoto kuonyeshwa akiwa na nguo za kuogelea au zilizochanika. Wengine wamechoshwa na tabia ya watoto kuwakimbilia wageni, kujipanga mbele ya kamera na kudai pipi au fedha, hata wakati wa skuli. Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote ni ya adabu. Mila ya visiwani ni kupiga hodi, na Aya ya 27 ya Surat al-Nur inawaamuru waumini kutaka idhini kabla ya kuingia nyumba zisizokuwa zao. Kwa mzazi wa Kizanzibari, mtoto ni sehemu ya nyumba ya watu hata anapokuwa njiani. Anayempiga picha bila ya kuuliza ameingia bila ya hodi.

Baadhi ya watu hujibu kuwa njia ni ya wote, na kwamba wageni wamezoea hivyo makwao. Jibu hilo halitoshi. Nchini Ujerumani, sheria ya mwaka 1907 inataka idhini ya mwenye sura kabla ya picha yake kuenezwa, isipokuwa katika hali maalumu, kama vile mtu anapoonekana pembeni tu mwa mandhari. Ufaransa ilipitisha sheria mwezi wa Februari 2024 inayowataka wazazi wote wawili kuilinda kwa pamoja haki ya sura ya mtoto wao. Nchini Uingereza, mwaka 2008, Mahakama ya Rufaa iliruhusu kuendelea kwa madai ya mtoto wa mwandishi J. K. Rowling, aliyepigwa picha kwa siri barabarani Edinburgh. Mahakama haikukubali kuwa mtoto hupoteza faragha kwa sababu tu yuko njiani. Kwa hiyo, mgeni anayeombwa kutaka idhini Nungwi au Jambiani haombwi jambo geni.

Hapa nchini, Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu na ya familia yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki hiyo yeye mwenyewe katika kifungu cha 16. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nam. 6 ya mwaka 2011, inataka maslahi bora ya mtoto yatangulizwe, na ilipewa tuzo ya dhahabu ya World Future Council mwaka 2015. Sheria iliyosifiwa nje inastahiki kutekelezwa nyumbani.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko zama za filamu. Picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Beji ya skuli hutaja skuli. Picha ikishaingia katika intaneti haitegemewi kurudi, na mwenye nia mbaya hupata sura, mahali na saa kwa pamoja.

Watumishi wa Serikali nao hawamo nje ya nasaha hizi. Si haki kumtaka mgeni aombe idhini ilhali ofisi inatoa picha ya mtoto akiwa kitandani hospitali, au akipokea msaada wa unga na madaftari, bila ya mzazi kuulizwa. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima, ataoa au kuolewa, ataomba kazi, na picha ya dhiki yake itakuwa ingalipo. Idhini itakwe kabla, ieleze picha itatumika wapi, na mzazi akikataa asinyimwe huduma wala msaada. Mtoto aliyefanyiwa udhalilishaji asionyeshwe sura, wala jina, wala nyumba yao.

Wananchi wanakumbushwa kuwa kumkataza mpiga picha kwa lugha njema si ukosefu wa ukarimu. Mtu mzima yeyote aliye karibu anaweza kumwambia mgeni asubiri mzazi aulizwe, kwani malezi ya mtaa ndivyo yalivyokuwa siku zote. Kunyang'anya simu au kamera hakufai. Panapozuka mzozo, Sheha au kituo cha Polisi kijulishwe. Watembezaji watalii wanaombwa kuwaeleza wageni mapema, kabla ya kuteremka garini, na wasiwaruhusu kutoa fedha kwa mtoto ili apigwe picha. Mtoto naye aulizwe, kwani mzazi akiridhia na mtoto akajificha uso, jibu limeshapatikana.