Je, Wajua? Misa ya Kamina Iliyoimbwa Upya na Wakenya

Je, wajua kuna misa ya Kilatini iliyozaliwa Kongo, ikarekodiwa 1958, halafu ikarekodiwa tena 1990 na kwaya ya Kenya? Inaitwa Missa Luba. Santuri ya kwanza ilitolewa na Philips, na sidii ya Wakenya ikatolewa na Philips hiyo hiyo, miaka 32 baadaye! Wewe uliyekaa hapo steji ya Keumbu ukingoja gari la Keroka, nisogelee kidogo. Leo tunaziweka rekodi hizo mbili bega kwa bega.

Wajua nani aliyeianzisha? Ni padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, aliyefika Kamina, Katanga, mwaka 1953. Hakuwaletea watoto nyimbo za kwao Ulaya. Alikusanya wavulana wapatao 45, wa miaka 9 hadi 14, akawaongezea walimu wapatao 15, akawaambia waimbe kama wanavyoimba nyumbani.

Kwaya ikapewa jina la mfalme wa Ubelgiji: Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958, misa yao iliimbwa ibadani kwa mara ya kwanza, kwenye misheni ya Kamina. Mwaka huo huo watoto hao walikuwa Ulaya! Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, wakapanda jukwaani kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Brussels.

Sasa shika hii vizuri. Hakuna mwimbaji aliyekuwa na karatasi ya noti mkononi! Misa nzima ilitungwa kwa mdomo, watu wakibuni papo hapo juu ya nyimbo walizokua nazo. Maneno ni yaleyale ya Roma, hakuna hata moja lililobadilishwa, lakini tuni ni za Kongo. Kwa hiyo santuri ya 1958 haikunakili kitabu chochote. Hivyo ndivyo walivyoimba siku hiyo, na kesho yake wangeimba tofauti.

Kyrie yake, ule wimbo wa kuomba huruma, inafuata kasala, mtindo wa maombolezo wa Waluba. Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Agnus Dei imetoka kwa watu wa Bena Lulua. Kisha unafika kwenye Credo, pale Kristo anaposulubiwa, na ngoma inapiga mlio wa kutangaza kifo, kama ilivyopigwa vijijini mtu akifariki. Hapo naomba unyamaze kabisa usikilize. Mtu wa Keumbu aliyewahi kukesha matangani hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Na misa yote hiyo, kuanzia Kyrie hadi Agnus Dei, haifiki dakika 20! Inaweza kuisha kabla matatu haijajaza abiria.

Ngoja, umewahi kusikia kuwa ngoma zilipigwa marufuku kanisani? Mwaka 1903 Papa Pius X aliandika kwamba piano isitumike ibadani, wala ngoma, wala matoazi. Akaongeza kwamba wanawake wasiimbe kwenye kwaya, na sauti za juu ziachiwe wavulana. Miaka 55 baadaye, ngoma zikanguruma Kamina ndani ya misa ya Kilatini! Na hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano iliyoifungulia mlango muziki wa kila taifa ilipitishwa Desemba 1963. Watoto wa Kamina walikuwa wameitangulia kwa miaka 5.

Haya, tuje kwenye rekodi ya 1990. Iliimbwa na Muungano National Choir, ikiongozwa na Boniface Mghanga, huyo huyo aliyekuja kuwa mbunge wa Voi. Je, wajua tofauti ya kwanza utakayoisikia? Wanawake! Pale ambapo Kamina ilikuwa na koo nyembamba za wavulana, Muungano ina akina mama na wasichana waliokomaa sauti, na chini yao besi za wanaume zilizotulia.

Anza na Kyrie. Ile ya 1958 inafunguliwa na mwimbaji pekee, mwalimu Joachim Ngoi, kwa sauti ya tatu ya juu. Anaita, watoto wanamjibu kwa kishindo. Ukimsikia unadhani yuko uani kwake. Sasa weka ya Muungano. Wito ni uleule na kiitikio ni kilekile, lakini sasa unasikia kwaya ya watu wazima iliyofanya mazoezi mpaka kila sauti ikajua inapoingia na inapotoka. Kile ambacho Kamina walikibuni papo hapo, Wakenya walijifunza na kukishika.

Ipi bora? Mimi kwa Kyrie nitakupa ya 1958 bila kusita, maana Ngoi hana mpinzani. Lakini kwa utamu wa sauti nne kuitikiana, nipe Muungano kila siku. Tena sidii yao ina nyongeza ambayo Kamina hawakuwa nayo: baada ya misa zinafuata nyimbo za kienyeji za Kenya!

Je, wajua kuwa Missa Luba ilifika kwenye sinema? Mwaka 1964 Mwitaliano Pier Paolo Pasolini aliitia Gloria yake katika filamu ya Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 ikaingia kwenye filamu ya Kiingereza If...., iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka uliofuata. Usiniulize mara mbili: mwaka 1969 Sanctus ya watoto wa Kamina iliingia chati ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza, ikapanda hadi nafasi ya 28. Kilatini, ngoma za Kongo, katikati ya rock!

Turudi nyumbani kidogo. Misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu, hapo karibu na mji wa Kisii, ilianzishwa 1911. Dayosisi ya Kisii ilizaliwa 1960, na askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga. Mwaka 1973 Otunga akawa kardinali wa kwanza wa Kenya! Na alipofika Kisii, misa ilikuwa bado ni ya Kilatini, maneno yaleyale ya Missa Luba.

Na obokano je? Zeze letu hilo kubwa la Abagusii lina nyuzi 8 na linanguruma kwa sauti nzito kuliko mazeze mengi ya Afrika Mashariki. Kamina walikuwa na ngoma na gogo lao la kupigwa. Wazia Kyrie inayoanza na obokano! Ningetoa chochote kuisikia.

Sasa tupige mbio kwenye misa nyingine za dunia. Wajua mtunzi Bach hakuwahi kuisikia misa yake kuu, ya B minor, ikiimbwa nzima? Aliikamilisha kwenye miaka yake ya mwisho na akafa 1750. Rekodi ya Otto Klemperer ya 1967 inapita saa 2. Ya John Eliot Gardiner ya 1985 haifiki saa 2. Noti ni zilezile!

Mmarekani Joshua Rifkin naye aliirekodi miaka ya 1980 akiwa na mwimbaji mmoja tu kwa kila sauti. Kwaya nzima ingeenea kwenye benchi hili, na nafasi ingebaki.

Beethoven alianza misa yake kubwa kwa ajili ya kusimikwa kwa askofu mkuu Machi 1820. Sherehe ikapita, misa haijaisha! Alimaliza 1823, na mwaka 1824 ikaimbwa nzima kwa mara ya kwanza huko St Petersburg, Urusi.

Mozart alikufa 1791 akiacha misa yake ya wafu nusu, na sehemu ya Lacrimosa ikiwa imefika kipimo cha 8 cha muziki. Ndiyo maana rekodi mbili za misa hiyo zinaweza kutofautiana noti kwa noti: wengi huimba ilivyomaliziwa na mtunzi Süssmayr, wengine ilivyomaliziwa upya na wataalamu wa siku hizi. Baadhi wanaongeza Amina ndefu, kwa sababu katika miaka ya 1960 karatasi yenye mwanzo wa Amina hiyo iligunduliwa Berlin. Ukiisikia, ujue si ile ya Süssmayr.

Umechoka? Bado! Mwingereza David Fanshawe alizunguka Misri, Sudan, Uganda na Kenya kati ya 1969 na 1973 akiwa na kinasa sauti, kisha akatunga African Sanctus. Kwenye Kyrie yake kwaya inaimba huku adhana ya Cairo ikipaa juu yake. Sanctus inachezwa pamoja na Bwola, ngoma ya Waacholi wa Uganda. Hii ni misa ambayo kila anayeirekodi upya huimba pamoja na wale wale aliowanasa Fanshawe. Kwaya zinabadilika, lakini muadhini na wapiga ngoma hawabadiliki!

Na Kenyatta University imezaa misa, wajua? Mmarekani Paul Basler alifundisha hapo mwaka 1993 hadi 1994, akarudi kwao na kutunga Missa Kenya. Maneno ni ya Kilatini, na katikati ya kwaya linalia tarumbeta la horn, ala anayoipiga yeye mwenyewe.

Hii ya mwisho si misa nzima, lakini sala yake husaliwa katika kila misa. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin alitunga "Baba Yetu" kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, Civilization IV. Rekodi ya kwanza iliimbwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, kundi la Talisman. Ya pili, ya 2009, iliimbwa na Soweto Gospel Choir. Februari 2011 wimbo ukapata Grammy, ya kwanza kabisa kwa muziki uliotoka kwenye mchezo wa kompyuta, na umeimbwa wote kwa Kiswahili! Ziweke zote mbili, ya Stanford kwanza na ya Soweto baadaye, halafu uniambie ipi imekusimamisha nywele.