Sinema Nayo Ina Dibaji

Wahenga walinena kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Sisi tuliopitia vyuoni na kulelewa kwa tenzi twaijua maana yake. Mtunzi wa utenzi haingii kisani kwa pupa. Huanza kwa Bismillahi, akamhimidi Mola, akamsalia Mtume, kisha akaagiza karatasi na wino. Beti hizo chache zamtosha msikilizaji kutambua kuwa limjialo si la mzaha, naye akakaa kitako.

Sinema nayo ina dibaji yake: ile sehemu ya mwanzo yapitapo majina ya waigizaji na watengenezaji. Wengi huuona ndio wakati wa kununua njugu. Nami nilikuwa mmoja wao, hata siku moja nilipokuwa Embu kwa mpwa wangu, mwenye banda la kuonyeshea video.

Jioni ile alileta "Born Free", filamu ya mwaka 1966 ihusuyo Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, akaja kuachiwa huru katika nchi ya Meru. Elsa alikufa Januari 1961, na kaburi lake liko kando ya Mto Ura, katika Mbuga ya Taifa ya Meru. Banda lilijaa pomoni, maana watu walikuja kuona habari za kwao.

Mpwa wangu akayaruka majina yote. "Mjomba, hayo ni majina ya Wazungu tu," akaniambia. "Nikiyaacha yapite, nakosa nafasi ya onyesho jingine."

Tukatumbukia kisani. Simba mla watu amemwua mwanakijiji, na bwana nyama George Adamson yuko mbioni kumsaka. Watazamaji wakaamini hii ni filamu ya windo, wakaishangilia bunduki. Basi walipoletewa watoto wa simba wakinyonyeshwa kwa chupa, wakaanza kuguna. Wengine walidai pesa zao.

Nikamsihi aanze upya. Safari hii muziki wa John Barry ukasikika wote, mahadhi mapana yapandayo polepole kama jua la nyikani. Kazi hiyo ilipata tuzo mbili za Oscar, moja ya muziki wa filamu na moja ya wimbo wake, ulioandikwa maneno na Don Black. Ni Barry huyohuyo aliyeupanga muziki wa James Bond katika "Dr. No" ya mwaka 1962, ambapo gitaa na ule mtutu wa bunduki uliobuniwa na Maurice Binder vyakuonya mapema kuwa damu itamwagika. Na sisi wa pwani, wapenzi wa filamu za Kihindi, twakumbuka "Sholay" ya 1975: majina yapita huku wapanda farasi wawili wakikata majabali, na kabla hajatokea jambazi hata mmoja tayari moyo wenda mbio.

Banda likatulia. Hakuna aliyeguna tena. Nikamtazama mpwa wangu kwa jicho la mwalimu.

Ndipo mzee mmoja wa Kimeru, aliyekulia karibu na ule Mto Ura, akasema: "Muziki huu wanifanya nimwonee simba huruma kabla sijajua alilolitenda. Na yule aliyeuawa, nani alimpigia muziki?"

Msomaji wangu, sikuwa na jawabu. Nilidhani dibaji ni mlango tu, wa kukuonyesha umeingia nyumba gani, ya kicheko au ya kilio. Kumbe pia ni wakili, na hukushika mkono ukasimama upande wake kabla shahidi hajanena. Hifadhi ile ya Meru iliasisiwa na baraza la wilaya la Wameru wenyewe kabla haijawa mbuga ya taifa, lakini mahadhi yale matamu hayakuniambia hayo. Niliambiwa na watu waliokuwa wameketi bandani.

Mpwa wangu sasa hayaruki majina. Nami kila taa zizimwapo na muziki uanzapo, hujiuliza: dibaji hii yanitaka nimlilie nani, na nani nimsahau?