Onyesha Kwanza, Tekeleza Baadaye

Kumtumia rafiki ramani ya mgahawa ni jambo dogo lenye hatua nyingi: unanakili anwani, unafungua ramani, unabandika, unatafuta, unanakili kiungo, kisha unahamia kwenye barua pepe. Ulichotaka ni kimoja tu, na kompyuta ingeweza kukufanyia mengine yote.

Agosti 2008, ili kupunguza hatua kama hizo, maabara ya Mozilla ilitoa Ubiquity, programu ya kuongezwa kwenye kivinjari cha Firefox. Aliyeiongoza ni Aza Raskin, mwana wa Jef Raskin, mwanzilishi wa mradi wa Macintosh katika Apple. Ulibonyeza vitufe viwili, kisanduku kikajitokeza juu ya ukurasa. Uliteua aya ya lugha usiyoijua, ukaandika "translate this", na tafsiri ikaonekana papo hapo chini ya amri yako. Ukiridhika nayo ndipo ulipobonyeza Enter. Kila amri ilikuwa kitenzi kinachojua kinahitaji nini: mtu, mahali, lugha au maandishi.

Mradi huo haukudumu, lakini njia za mkato za kuandika bado zipo. Kwenye Firefox ya kompyuta, bonyeza Ctrl na L, andika alama ya % na nafasi, kisha neno moja: kivinjari kitakutafutia kichupo kilicho wazi chenye neno hilo. Alama ya * hutafuta alamisho, na ^ hutafuta historia. Mwenye vichupo thelathini ataona faida siku hiyohiyo.

Sasa zimekuja programu za akili unde zinazopokea sentensi nzima na kutembea kwenye tovuti kwa niaba yako. Nguvu hiyo ina hatari yake: ukurasa unaweza kuficha maagizo ambayo jicho lako halitayaona, lakini programu ikayasoma na kuyatii kana kwamba umeyatoa wewe.

Kwa hiyo somo la Ubiquity, la kuonyesha kabla ya kutekeleza, lina uzito zaidi leo kuliko 2008. Iache programu itafute, ilinganishe na ijaze fomu. Inapofika kwenye kutuma, kulipa au kufuta, ikuonyeshe kwanza inachotaka kufanya. Soma jina la mpokeaji, soma kiasi, kisha bonyeza mwenyewe. Programu isiyokupa nafasi hiyo usiikabidhi barua pepe yako wala akaunti ya benki.