Mbwa na Paka Majumbani: Faida Zao na Taabu Zao

Ni wachache katika sisi tukaao pande za bara za Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, ambao hawajapata kuamshwa usiku wa manane na kelele za mbwa wakifukuzana vichochoroni, au kukuta asubuhi kwamba paka wa jirani ameingia jikoni akala samaki aliyewekwa akiba. Hata hivyo watu hawaachi kufuga wanyama hawa, na walio wengi wanayo sababu njema ya kufanya hivyo. Katika makala hii tunakusudia kueleza faida wanazotupatia na taabu wanazotuletea, na hasa kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya taabu hizo haitokani na mnyama mwenyewe, bali na mnyama asiye na mtu wa kuulizwa habari zake.

Tuanze na mbwa. Kazi yake ya kwanza ni ulinzi. Huko Nyali na Bamburi, na hata katika mitaa ya Kisauni na Mikindani, malango mengi yana kibao kilichoandikwa "Mbwa Kali". (Mwalimu aliyetufundisha sarufi asingeyavumilia maneno hayo, kwani mbwa ni kiumbe chenye uhai, na ilitupasa tuandike "Mbwa Mkali", lakini kibao kimekwisha zoeleka, wala mwizi hasomi sarufi.) Kwa kweli mbwa halindi kwa meno kadiri alindavyo kwa masikio na sauti. Husikia mlio ambao sikio la binadamu haliwezi kuupata, naye hubweka kabla mgeni hajafika mlangoni. Na mwizi hupenda nyumba iliyo kimya. Kwa hiyo mbwa mdogo mwenye kelele, aliyelelewa vizuri, aweza kufaa sawasawa na jibwa la kutisha, wala hali chakula kingi.

Katika mashamba ya Mtongwe huko Likoni, na yale ya Mwakirunge upande wa Kisauni, mbwa anayo kazi ya pili. Mkulima wa mahindi na mihogo anajua jinsi tumbili wanavyoweza kumaliza kwa asubuhi moja kazi ya miezi mitatu, na mwenye kuku anajua ujanja wa nguchiro. Mbwa mmoja azungukaye shamba huokoa mengi.

Yafaa tuseme neno juu ya dini, maana jambo hili huleta ugomvi usio na sababu. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na kwa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, na moja katika hizo kwa udongo. Wako wadhanio kwamba kwa sababu hiyo Mwislamu amekatazwa mbwa kabisa. Sivyo. Mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao ameruhusiwa, na katika hadithi za Mtume imesimuliwa habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumpa maji mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu. Paka yeye si najisi, na sahaba mmoja maarufu, Abu Huraira, alipewa jina hilo kwa ajili ya kupenda kwake paka.

Lakini fikiri nyumba ya kupanga kule Chaani au Kisauni, yenye vyumba sita, ukumbi mmoja na uwanja mmoja nyuma. Chumba hiki yumo Mdigo, kile Mkamba, kile Mjaluo. Mmoja ametandika mkeka wake wa kuswalia, na mwingine anapika. Mbwa mmoja akiachwa kupita humo na kulamba vyungu, ujirani wa miaka kumi utavunjika kwa wiki moja. Kwa maoni yetu, mtu mwenye chumba kimoja tu bila uwanja wake mwenyewe asifuge mbwa. Na aliye na uwanja wa shirika, na awaulize wenzake kwanza.

Kwa paka hakuna haja ya baraza. Wazee husema paka wa nyumba haingwa, na mwenye gunia la mahindi au duka la nafaka hahitaji kuelezwa kwa nini. Panya hula nafaka, hukojolea ile wasiyoila, hutoboa nguo na kukata nyaya za umeme, tena hueneza maradhi. Hata hivyo tusimpe paka sifa asizostahili. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza habari za uchunguzi walioufanya katika kiwanda kimoja cha kushughulikia taka mjini New York, ambamo paka wa mitaani waliishi pamoja na panya wakubwa. Katika muda wa zaidi ya miezi miwili paka hao waliua panya wawili tu. Paka hupenda windo dogo, na panya wakubwa wa mitaroni hukimbilia mashimo wamsikiapo. Basi mwenye paka asiache kufunika mapipa yake na kuziba matundu ya ukuta.

Sasa tuziangalie hasara. Chakula ndiyo ya kwanza, na wengi huikwepa kwa kumpa mbwa unga ulioingia ukungu, ati mbwa halishwi vya kuchagua. Ukungu huo una sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini la mbwa kama iharibuvyo la mtu. Mbwa huanza kukataa chakula, hutapika, macho yake huwa manjano, kisha hufa, na mwenyewe husema amerogwa au amelishwa sumu na jirani.

Ya pili ni minyoo. Katika mavi ya mbwa na paka wasiopewa dawa hutoka mayai ya minyoo, na katika mchanga wenye unyevu, kama ule wa ufukoni au wa uwanja wenye kivuli, mayai hayo huangua vijidudu viingiavyo katika ngozi ya mguu. Mtoto aliyecheza bila viatu huonekana ana mstari mwekundu wenye kupindapinda na kuwasha mno, ukisogea kidogo kila siku. Si uchawi wala si chango. Ni mnyoo wa mbwa au paka uliopotea njia, na hospitali ina dawa yake. Iko na minyoo mingine ya hatari zaidi. Kule Turkana watu wengi wamepata kuvimba matumbo kwa malengelenge makubwa ya maji yaliyoota katika maini yao, na asili yake ni mnyoo mdogo wa mbwa. Mbwa huupata kwa kula mapafu na maini mabichi ya wanyama wenye malengelenge hayo. Kwa hiyo siku za Idi na za arusi, wakati wa kuchinja, matumbo yasitupwe ovyo kwa mbwa.

Mwanamke mwenye mimba naye na amwachie mtu mwingine kazi ya kuondoa mavi ya paka, maana huweza kuwamo mdudu asiyeonekana kwa macho, aitwaye toksoplazma, ambaye humdhuru mtoto tumboni. Si lazima paka afukuzwe; kunawa mikono na kupika nyama ikaiva hutosha kwa sehemu kubwa.

Lakini hayo yote ni madogo tukiyapima na kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu ulithibitishwa katika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na mtu wa kwanza kuandikwa kuwa amekufa kwa ugonjwa huu alikuwa mwanamke wa pande za ziwa la Viktoria, mwaka 1928. Tangu hapo haujaondoka nchini. Serikali ya Kenya, katika mpango wake wa mwaka 2014 hata 2030 wa kuutokomeza, ilikadiria kwamba waweza kuua hata watu 2,000 kwa mwaka. Katika dunia nzima wanaokufa wakadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka, na katika kila 100 wanaopatwa, 99 wameambukizwa na mbwa. Waumwao zaidi ni watoto, kwa kuwa hao ndio wachezao na mbwa na kuwatupia mawe.

Namna yake ni hii. Virusi, yaani chembe za ugonjwa, hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, huingia katika jeraha, zikaanza kusafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hata mitatu; pengine ni siku chache tu, hasa jeraha likiwa usoni au kichwani, na pengine hupita mwaka. Wakati wote huo aliyeumwa hana dalili ya homa, kidonda kimepona, naye amekwisha sahau. Virusi vikifika ubongoni mgonjwa huanza kuogopa maji, hushindwa kumeza, hushtuka kwa upepo, na baada ya siku chache hufa. Dalili zikianza, ni nadra mno mgonjwa kupona, ikiwa Mombasa au London.

Lakini kabla ya dalili kuanza, ugonjwa huzuilika. Mwaka 1885 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alisimamia kupigwa sindano mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mahali pengi mwilini, na mtoto huyo akaishi. Sindano za siku hizi ni bora zaidi.

Basi tuseme mtoto anatoka chuoni kule Mtopanga, mbwa akatokea kwenye jaa na kumuuma mguu. La kwanza ni kuliosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Kuosha huko pekee huondoa sehemu kubwa ya virusi. Lisipakwe pilipili, mafuta ya taa wala majivu, wala lisichomwe moto. La pili ni kumpeleka hospitali siku ile ile, hata kama ni mkwaruzo tu, hata kama ameumwa na paka, maana paka naye huambukizwa. Sindano ni zaidi ya moja, nazo hupigwa kwa siku zilizopangwa. Aziachaye katikati kwa kuwa kidonda kimepona amejitia hatarini. Mbwa akijulikana ni wa nani, na afungwe mahali salama na kuangaliwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na ugonjwa katika mate yake siku alipouma. Lakini mtoto asingojezwe nyumbani mpaka siku hizo ziishe.

Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Pengine mpole hugeuka akauma vijiti na mawe. Pengine mkali hugeuka kimya, akajificha, taya limelegea na mate yanamdondoka, na mwenyewe akadhani ana mfupa kooni akatia mkono kinywani. Wengi wamepata msiba kwa njia hiyo ya pili.

Watu husema, "Kwa nini mbwa koko wote wasiuawe?" Njia hiyo ilijaribiwa mahali pengi, kwa risasi na kwa sumu. Katika kisiwa cha Flores, nchi ya Indonesia, ugonjwa uliingia mwaka 1997. Maelfu na maelfu ya mbwa wakauawa, na ugonjwa ukabaki. Mbwa wakipunguzwa, wengine huja mahali pao na kuzaa, na wenye mbwa huwaficha au kuwahamishia kijiji kingine pamoja na ugonjwa wao. Tena huyo tumwitaye koko mara nyingi si koko. Ukiuliza mtaani mbwa huyu ni wa nani, kila mtu atasema si wake. Lakini jioni utamwona akitupiwa mifupa kwenye milango mitatu. Analisha kila mtu, na siku ya sindano hana mwenyewe.

Njia iliyofaulu iko karibu nasi. Katika kisiwa cha Pemba mbwa walichanjwa kijiji kwa kijiji, na kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikaingia tena. Uchanjaji ukaanzishwa upya, na mwaka 2018 kikakomeshwa kwa mara ya pili. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Si lazima kumpata kila mmoja. Na gharama ya sindano ya mbwa ni ndogo sana mbele ya gharama ya kumtibu mtu mmoja aliyeumwa.

Mbwa na paka wote huchanjwa, na sindano hurudiwa kila mwaka. Asiyetaka watoto wa mbwa na amhasi, badala ya kuwatupa watoto hao jaani, ambako ndiko wazururaji wanakozaliwa. Siku ya uchanjaji ikitangazwa na wakubwa wa mifugo, mbwa apelekwe na mtu mzima aliyemzoea, si mtoto, amefungwa kamba au mnyororo. Kama hajazoea kamba na azoeshwe siku chache kabla. Paka na atiwe katika kikapu chenye kifuniko kilichofungwa vizuri. Cheti kitakachotolewa kiwekwe pamoja na karatasi nyingine za nyumba, maana siku mbwa atakapomuuma mtu, hicho ndicho kitu cha kwanza kitakachoulizwa.