Damu ya Marehemu na Haki ya Mtoto

Barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma yapita katika kata ya Nanyala, Wilaya ya Mbozi. Usiku na mchana malori huipita yakielekea mpakani. Mtu aishiye safarini huenda akawa na mji kwao na watoto kwingine. Siku mauti yamfikapo hutokea jambo ambalo vikao vya ukoo vyalijua sana: mama mgeni hufika matangani akimshika mtoto mkono, na kusema, "Huyu naye ni wa marehemu." Hapo wengine humtazama mtoto pua na paji la uso, wengine humfukuza mama, na yule ambaye angejibu amekwisha lala kaburini.

Twauliza: je, ni haki kukata shauri la mtoto kwa kutazama pua?

Leo iko njia iliyo bora. Kila mtu hurithi nusu ya vinasaba vyake, au DNA kama wengi waitavyo, kwa baba na nusu kwa mama. Mwaka 1984 Alec Jeffreys, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua jinsi ya kuwatambua watu kwa alama hizo. Mwaka 1985 njia hiyo ilitumika katika shauri la kijana wa asili ya Ghana, ambaye maofisa wa uhamiaji walitia shaka kama ni mwana wa mama yake. Baba hakupatikana kupimwa. Lakini vipimo vya mama na vya watoto wake watatu vilitosha kuidhihirisha kweli.

Kwa hiyo kifo cha baba hakifungi mlango. Wazazi wa marehemu wakiwa hai, au watoto wake wasiobishaniwa, waweza kupimwa badala yake. Lakini na tuonye: alama ya kiume apewayo mwana na baba yake ni ile ile kwa ndugu wote wa baba mmoja. Alama hiyo peke yake yaonyesha ukoo, wala haisemi ni ndugu yupi aliyezaa. Lililo jepesi kuliko yote ni kuchukua sampuli ya marehemu kabla ya maziko. Katika msiba wa lori la mafuta mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, sampuli zilichukuliwa kwa maiti wasiotambulika, na jamaa wakatoa zao ili zilinganishwe.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yavitaja vinasaba miongoni mwa ushahidi wa uzazi, pamoja na jina la mzazi katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, na kukiri kwake hadharani. Ombi laweza kupelekwa mahakamani ndani ya miaka 3 tangu mzazi kufa, au kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Kipimo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya kanda Mbeya. Mtu hajiendei tu: ombi hupitia mikono iliyotajwa na sheria, kama vile mahakama, polisi, wakili au ustawi wa jamii.

Wako watakaosema kwamba kipimo kitavunja nyumba, kwa kuwa wahenga walinena, kitanda hakizai haramu. Ni kweli, na mtoto aliyelelewa na kukiriwa na marehemu hapaswi kuburutwa maabara kwa tamaa ya shamba la kahawa. Kipimo ni cha kumfungulia mlango aliyefungiwa. Si fimbo ya kumtoa nje aliyekwisha ingia.

Basi wazee wa Nanyala na kwingineko, swali hili liulizwe kabla jeneza halijafungwa na kabla mirathi haijagawanywa. Shamba likikosewa mipaka laweza kupimwa upya. Mtoto aliyekanwa mbele ya kaburi la baba yake, nani atamrudishia siku hiyo?