Mwanao Anachora Nini Usiku?

Ndugu msomaji, labda nawe una kijana Dar es Salaam, anasoma uhandisi wa mitambo. Umeuza kahawa, pengine hata ng'ombe, apate karo. Kisha jamaa akitoka mjini anakuambia: "Mwanao amepanga chumba Tandale. Usiku kucha yuko mbele ya kompyuta, anawachorea watu kwa fedha." Moyo wako unashtuka. Je, ameacha masomo? Usikasirike upesi. Kwanza uijue kazi yenyewe.

Zamani mchoro wa mashine ulichorwa kwa kalamu ya risasi na rula, juu ya meza kubwa. Mwaka 1963 Mmarekani Ivan Sutherland alionyesha jinsi mtu awezavyo kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Mwaka 1982 ikatoka programu ya AutoCAD, na mwaka 1995 SolidWorks, ambayo huonyesha kitu kizima, ukakigeuza huku na huku kabla hakijatengenezwa. Siku hizi kuchora kwa kompyuta ni sehemu ya masomo ya uhandisi. Basi kijana asiye na mwajiri huweza kuifanya kazi hiyo chumbani mwake, awe Kinondoni au Temeke.

Faida yake ni nini? Tuchukue mfano. Fundi wa kuchomelea ameombwa na wakulima mashine ya kupukuchua mahindi. Mota yao huzunguka mara 1,440 kwa dakika, lakini ngoma yatakiwa izunguke mara 720 tu. Puli ya mota ikiwa na kipenyo cha milimita 100, ya ngoma lazima iwe na milimita 200. Tena shafti ni ya milimita 25. Tundu likipungua nusu milimita, shafti haiingii. Likizidi nusu milimita, shafti inacheza, na beringi inakufa mapema. Fundi akikisia, chuma kimepotea, na chuma ni fedha. Lakini akipewa mchoro wenye vipimo vyote, hana haja ya kubahatisha. Kosa la kwenye kioo hufutika. Kosa la kwenye chuma halifutiki.

Hata hivyo kazi hii ina hatari zake, na mzazi yafaa azijue.

Ya kwanza ni malipo. Mchoro si gunia la mahindi. Ukishatumwa kwa simu hauwezi kurudishwa, na mteja mwenye hila hapokei simu tena. Kijana apatane bei mapema, achukue arabuni, na waandikiane ni mara ngapi atarekebisha mchoro kwa bei ile ile.

Ya pili ni programu. Nyingine ni ghali sana, na wako wanaotumia nakala za wizi. Wizi ni wizi, hata kama kitu hakishikiki mkononi. Wala hana haja ya kuiba: iko FreeCAD, ambayo hutolewa bure kwa halali, tangu mwaka 2002.

Ya tatu ni kiburi. Mwanafunzi bado si mhandisi. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1997, haruhusiwi mtu kufanya kazi ya uhandisi kama mhandisi pasipo kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kuchora fremu ya kiti au kipuri kilichovunjika ni jambo moja. Kubuni tanki la mvuke, au mtambo wa kuinulia watu, ni jambo jingine kabisa. Hapo lazima ampelekee mhandisi aliyesajiliwa. Chuma kikikatika, hakimchagui wa kumwangukia.

Ya nne ni masomo. Akikesha kwa kazi ya mteja, kesho ana mtihani. Ajifunze kusema: "Siwezi wiki hii."

Basi mzazi, mwanao akija likizo, usianze kwa ukali. Mwambie akuonyeshe mchoro mmoja, akueleze kila kipimo: hiki cha nini, na kwa nini si kikubwa zaidi. Muulize pia nani alimlipa, na nani aliukagua. Akiweza kukueleza wewe mkulima hata ukaelewa, ujue kwamba ng'ombe wako hakuuzwa bure.